Mwanasosholojia ana kazi gani kwenye maabara ya ubongo?

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Nina shahada ya uzamili ya sosholojia. Nataka kufanya uzamivu kuhusu sayansi ya ubongo na tiba ya magonjwa ya akili, lakini profesa wangu mmoja amenionya kwamba nitakuwa popo, si ndege si mnyama: madaktari hawatanisikiliza na wanasosholojia hawatanielewa. Je, mtu asiyesomea udaktari ana la kusema kuhusu ubongo? Nirudi kwanza nikasome baiolojia? Na maisha ya kazi hii yakoje?"

Ndugu yangu, onyo la profesa wako lina ukweli ndani yake, nami nitalirejea. Ila nianze na swali la kama tuna la kusema, maana hilo ndilo linaloamua mengine.

Watazame madereva wa teksi wa London. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva 16 wa jiji hilo, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, ambayo inahusika na kumbukumbu ya mahali, ni kubwa kwao kuliko kwa watu waliolinganishwa nao. Mwaka 2011 yeye na Katherine Woollett wakatoa utafiti mwingine, uliowafuata wanafunzi wa kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Waliofaulu mtihani ubongo wao ulikuwa umebadilika, walioshindwa haukubadilika. Mwanasayansi wa ubongo anaona hapo uwezo wa ubongo wa mtu mzima kujijenga upya, na ana haki ya kufurahi. Mimi nauona mtihani. Mtu hapati leseni ya kuendesha teksi nyeusi mjini humo mpaka ahifadhi kichwani mitaa ipatayo 25,000, kazi ya miaka mitatu au minne. Mtihani huo ni kanuni iliyotungwa na watu, inayoamua nani aingie kwenye kazi na nani abaki nje, na kanuni hiyo imeacha alama ndani ya fuvu. Siku itakapofutwa, ubongo wa madereva watakaokuja nao utakuwa umeguswa. Hakuna kipimo cha hospitali kitakachokueleza kanuni hiyo ilitoka wapi na inamnufaisha nani. Hapo ndipo penye neno letu.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao ndio ulionivuta mimi kwenye kazi hii. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, aliyekuwa akiwahudumia watoto wenye matatizo ya tabia huko Rhode Island, Marekani, aliwapa baadhi yao dawa ya jamii ya amfetamini, yaani dawa za kuchangamsha mwili. Shabaha yake ilikuwa kuwapunguzia maumivu ya kichwa yaliyotokana na kipimo walichofanyiwa. Kilichomshangaza kikawa kingine: karibu nusu yao walitulia na kazi zao za shule zikawa nzuri. Akaandika alichokiona. Wakati huo hapakuwa na jina la ugonjwa lililokubalika ambalo dawa hiyo ingeweza kusemwa kwamba inautibu. Maelezo ya utukutu wa kupindukia kama ugonjwa unaojitegemea yalikuja kushika mizizi miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1970 watoto wengi wa Marekani walikuwa wakimeza dawa kwa ajili yake.

Mwaka 1975 mwanasosholojia Peter Conrad akauliza swali ambalo ukilisikia unaliona jepesi, ila hakuna aliyekuwa amelikalia kitako: imekuwaje tiba ikaja kwanza, ugonjwa ukafuata? Alipofuatilia alikuta mikono mingi. Kampuni za dawa zilikuwa na bidhaa zilizohitaji jina la kuuzia. Wazazi walikuwa wamechoka kuambiwa wameshindwa kulea. Walimu walikuwa na madarasa yaliyojaa, na serikali ilikuwa na kamati zake. Naomba usikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Conrad hakusema watoto wale hawakuwa na shida. Alichosema ni kwamba tabia ile ingeweza kuitwa majina mengi, kama vile utovu wa nidhamu, njaa, shule mbaya au ubongo wenye hitilafu, na kwamba kuchagua jina moja kulikuwa na historia na matokeo yake. Jina la kitabibu lilimpunguzia mtoto lawama. Papo hapo liliyafunga macho yasiangalie darasa. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mtafiti wa fani hii hulipwa mshahara ili ayashike yote mawili bila kudondosha moja.

Sasa tuingie maabarani. Mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, inapotumiwa kuchunguza ubongo ukiwa kazini haipigi picha ya fikra. Njia iliyoanzia kwa Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990 husoma oksijeni ya damu. Mahali seli za neva zinapofanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka, na kilele cha ongezeko hilo huja sekunde tano hivi baadaye. Kwa hesabu, ubongo hugawanywa vipande vidogo maelfu kwa maelfu na kila kimoja hupimwa kitakwimu. Nyekundu na njano tunazoziona magazetini ni uamuzi wa mtafiti kuhusu kizingiti: juu ya hapa paka rangi, chini ya hapa acha kijivu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine hiyo. Wakamwonyesha picha za watu, kisha wakachambua data bila kurekebisha takwimu kwa wingi wa vipimo (ukipima maelfu ya vipande, vichache vitaonekana vina kitu kwa bahati tu), na samaki mfu akaonekana ana shughuli kichwani. Hao walikuwa wanasayansi wenyewe wakiwaonya wenzao. Ndiyo maana huwa naumia ninapowasikia watu wa upande wetu wakikisimulia kisa hicho kana kwamba ni ushindi wa sosholojia.

Kilicho chetu kiko kabla ya takwimu. Mwaka wangu wa kwanza maabarani nilikuwa nikikaa pembeni ya fundi anayeendesha mashine. Miezi mitatu ya mwanzo sikuelewa karibu chochote, nikawa naandika tu: nani kaingia, nani katoka, nani kasema nini. Fundi huyo alikuwa na daftari dogo la washiriki walioondolewa kwenye utafiti. Mmoja alitikisa kichwa mno. Mwingine alikuwa na chuma mwilini, mwingine alishikwa na hofu ya kufungiwa akaomba atolewe. Kulikuwa na wanaotumia mkono wa kushoto, ambao tafiti nyingi za ubongo huwaacha ili data isichanganyike. Kwenye chumba cha jirani, ambako walipima umeme wa ubongo kwa vihisi vinavyogusa ngozi ya kichwa, wenye nywele nzito au zilizosukwa walikuwa wakirudishwa kwa sababu vihisi havikushika vizuri. Niliomba kulisoma daftari lile lote. Ukiliunganisha, unapata sura ya mtu ambaye makala za kisayansi humwita "mshiriki mwenye afya": mtulivu, asiye na hofu, wa mkono wa kulia, mwenye nywele zinazokubali vifaa, mwenye saa mbili za mchana asizozihitaji kwa kazi nyingine. Kisha wagonjwa wanaolinganishwa naye ni wale tu walioweza kulala kimya ndani ya bomba. Walioumwa zaidi hawamo. Daftari hilo likawa sura nzima ya tasnifu yangu. Mkuu wa maabara alipoisoma hakukasirika. Aliniita akaniuliza kama orodha hiyo ingeweza kuwekwa kama jedwali kwenye makala zao, na tangu hapo nikawa na kiti changu kwenye mikutano yao.

Nakueleza haya ili ujue la kutafuta. Huendi huko kuwaambia wanasayansi kwamba sayansi ni hadithi tu. Unakwenda kufuata maamuzi yao, moja baada ya jingine, tangu mshiriki anapochaguliwa hadi hakimu anaposoma. Na mahakimu wanasoma kweli: mwaka 2010, katika kesi ya Graham dhidi ya jimbo la Florida, Mahakama Kuu ya Marekani ilitaja wazi maendeleo ya saikolojia na sayansi ya ubongo ilipokataza kifungo cha maisha bila uwezekano wa msamaha kwa watoto ambao makosa yao si ya kuua. Kutoka kwenye mashine hadi kwenye hukumu ile ni safari ndefu, na vituo vyake vingi bado havijaandikwa vya kutosha.

Fani yenyewe ina wazee wake. Nitawapitia haraka kwa kuwa utawasoma mwenyewe. Talcott Parsons, mwaka 1951, alionyesha kwamba kuugua ni nafasi ya kijamii yenye haki na wajibu: mgonjwa husamehewa kazi na halaumiwi, ila naye hutakiwa kutaka kupona na kutafuta msaada. Erving Goffman alikaa mwaka mmoja, 1955 hadi 1956, ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya St. Elizabeths mjini Washington, akitambulishwa kama msaidizi wa michezo, akaona hospitali inavyomtengeneza mgonjwa. Bruno Latour aliingia katika maabara ya Roger Guillemin katika Taasisi ya Salk, California, mwaka 1975, akakaa karibu miaka miwili akiwatazama wataalamu wa homoni za ubongo kama mgeni anavyotazama kijiji. Guillemin akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, na kitabu cha Latour na Steve Woolgar kilitoka 1979. Mtu wa karibu zaidi na unachokitaka wewe ni Nikolas Rose. Alianzia baiolojia katika Chuo Kikuu cha Sussex, akahamia saikolojia na sosholojia, akafundisha miaka mingi London, na mwaka 2012 akaanzisha idara ya afya ya dunia na tiba ya jamii katika King's College London. Ukiifuata njia yake utaona kitu cha kukutuliza: hakukaa kwenye idara moja yenye jina la fani yake, kwa sababu haikuwepo. Aliijenga.

Rose aliwahi kuandika, mwaka 2003, kwamba watu wa nchi tajiri wameanza kujiona kama nafsi za kemikali, huzuni ikaitwa upungufu wa serotonini, moja ya kemikali za ubongo, na wasiwasi ukaitwa hitilafu. Lilikuwa wazo lenye nguvu na wengi tulilibeba bila kulipima. Kisha watafiti wakaenda kuuliza watu. Martyn Pickersgill wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzake walifanya mahojiano ya vikundi, wakaandika mwaka 2011 kwamba kwa watu wengi ubongo haukuwa jambo kubwa hivyo. Waliutaja ulipofaa, wakauacha usipofaa, wakaendelea kujieleza kwa malezi, roho, tabia na yaliyowapata maishani. Mimi nilisoma matokeo hayo nikiwa nimeshaandika makala yenye kudai kinyume. Nikarudi kwenye mahojiano yangu mwenyewe na kukuta watu wangu walikuwa wakisema hivyohivyo, ila sikuwa nimewasikiliza. Usije ukaipenda nadharia kiasi hicho.

Kuna somo jingine nililopewa na mama mmoja niliyemhoji, ambaye kijana wake ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Nilikuwa nimekwenda na maswali yangu yaliyochongwa vizuri kuhusu hatari za kumpunguza mtu kuwa ubongo tu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba siku daktari alipomwonyesha picha ya ubongo na kumwambia huu ni ugonjwa, ndiyo siku aliyolala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya miaka, kwa kuwa mpaka hapo kila mtu alikuwa amemwambia ni yeye aliyemharibu mwanawe.

Niliporudi nyumbani nilisoma upya historia niliyodhani naijua. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann, daktari wa magonjwa ya akili, aliandika juu ya mama anayesababisha skizofrenia kwa malezi yake, na wazo hilo likatawala kwa miaka mingi. Kwa usonji ikawa vilevile: Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1967, aliutafuta mzizi wa usonji katika ubaridi wa wazazi, na lawama ikawaangukia kina mama. Aliyesimama mapema kupinga, mwaka 1964, alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, na silaha yake ilikuwa baiolojia. Kwa hiyo maelezo ya "kijamii" yaliwahi kuwa kisu, na maelezo ya ubongo yakawa ngao ya wanyonge. Mwanasosholojia asiyeijua historia hiyo asiruhusiwe kuukosoa mtazamo wa kibaiolojia mbele ya mzazi yeyote.

Hata hivyo ngao hiyo ina gharama. Mwaka 2013 Erlend Kvaale, Nick Haslam na mwenzao walikusanya majaribio mengi kuhusu suala hili na kuyachambua kwa pamoja. Watu wanapopewa maelezo ya kibaiolojia kuhusu ugonjwa wa akili lawama yao kwa mgonjwa hupungua, lakini imani yao kwamba atapona nayo hupungua. Mama yule alipata usingizi. Kijana wake, nilipoongea naye faraghani wiki mbili baadaye, aliniuliza kama mtu ambaye ubongo wake uko vile anaweza kuoa. Nimeishi na maswali ya wawili hawa kwa miaka mingi, nami nadhani kazi hii iko katikati yao.

Sasa maisha ya kazi. Kuingia maabarani au wodini ni miezi ya barua, kamati ya maadili ya utafiti, ridhaa za wagonjwa na kusubiri. Hesabu mwaka mzima kabla hujaanza kuandika lolote la maana, na umwambie mfadhili hivyo mapema. Ukiingia, utakutana na mwendo tofauti wa uandishi. Wenzako wa maabara watatoa makala fupi zenye majina kumi, nawe utakuwa na makala moja ndefu yenye jina moja. Kamati za ajira za upande wao zitakuona mvivu, na za upande wako zitakutilia shaka ukianza kuandika kwa pamoja na madaktari. Hapa ndipo popo wa profesa wako anapopata mbawa. Makala yangu ya kwanza ilirudishwa na jarida la kitabibu kwa maelezo kwamba haina data, ingawa ilikuwa na mahojiano zaidi ya 40. Nikaipeleka kwenye jarida la sosholojia, ikarudishwa kwa kukosa nadharia. Nilichojifunza ni kuacha kuandika makala moja ya kuwaridhisha wote. Andika mbili. Kwa madaktari onyesha uamuzi mmoja na madhara yake kwa mgonjwa, kwa maneno 3,000. Kwa wanasosholojia fungua wazo lenyewe kwa upana wake.

Ajira zipo, ila mara chache zinakuja na jina ulilolitarajia. Wengi wetu tumeajiriwa na idara za sosholojia, wengine na vitivo vya tiba kufundisha madaktari, wengine na vitengo vya maadili au vya masomo ya sayansi na jamii. Kufundisha wanafunzi wa udaktari nakupendekezea kwa moyo wote. Hawana muda wa maneno mengi, wanakuuliza "hili litanisaidia nini nikiwa na mgonjwa mbele yangu?", na swali hilo litakusafisha.

Kuwa mwangalifu na miradi mikubwa. Mradi wa Ubongo wa Binadamu wa Umoja wa Ulaya ulianza Oktoba 2013, ukapangiwa miaka kumi na bajeti iliyotajwa kuwa karibu euro bilioni moja, na tangu mwanzo ulikuwa na sehemu ya maadili na jamii. Rose na wenzake wa King's walikuwemo. Mwaka 2014 mamia ya wanasayansi wa ubongo walisaini barua ya wazi kwa Tume ya Ulaya wakilalamikia mwelekeo na uongozi wa mradi. Nami nimewahi kualikwa kwenye mradi mmoja, mdogo kuliko huo, ambako jina langu lilihitajika kwenye ombi la fedha na mawazo yangu hayakuhitajika tena baada ya fedha kufika. Siku hizi kabla ya kukubali nauliza maswali mawili: je, nitahudhuria vikao vinavyoamua muundo wa utafiti, na je, naweza kuchapisha nisipokubaliana nanyi? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, nashukuru na kuondoka.

Kuhusu baiolojia: usirudi kusoma shahada nzima. Utapoteza miaka mitatu na utatoka ukiwa mwanafunzi wa wastani wa fani ya wengine. Unachohitaji ni kozi moja ya anatomia ya ubongo, takwimu za kutosha kujua kizingiti kimewekwaje, na ujasiri wa kuuliza jambo la kitoto mbele ya watu kumi wanaolijua. Tafuta wasimamizi wawili, mmoja wa kila upande, na uhakikishe wameshakutana uso kwa uso kabla hujajisajili.

Wiki hii chukua makala moja ya kisayansi kuhusu ugonjwa unaokugusa. Ruka utangulizi, ruka hitimisho, soma sehemu ya mbinu peke yake. Kila mahali ambapo mtu alilazimika kuchagua, weka alama: kwa nini umri huu, kwa nini dodoso hili, kwa nini hawa waliondolewa. Alama zikifika ishirini na bado una hamu ya kuendelea, mwandikie mwandishi wa makala hiyo, muulize maswali matatu uliyoshindwa kuyajibu mwenyewe, na umwombe nusu saa. Akikujibu, nenda na daftari.